Koleza Hashuki

Mafundi wote wa rangi walimwita Koleza, hata wale ambao hawakuthubutu kumwita hivyo usoni. Jina lilitokana na neno alilolirudia kutwa nzima akiwa ameinamia ndoo. Rangi ya dukani haikuwahi kumtosha. Akifungua kopo jipya, huchovya kidole, hukisugua kwenye ukucha wa kidole gumba, hukitazama juani, kisha husonya. "Wametia maji," husema, na kutoka hapo hakuna wa kumzuia. Ataongeza kijiko cha unga wa rangi, atakoroga, atapaka kwenye ubao, atasubiri pakauke, ataongeza tena. Miaka thelathini na mmoja alikuwa katika kazi hiyo, na haki ya kusonya alikuwa nayo, maana mara tisa katika kumi kopo lilikuwa limetiwa maji kweli.

Mumewe ndiye aliyemfundisha kushika brashi. Mume alipofariki, kikosi cha mafundi kilibaki mikononi mwa shemeji yake, mdogo wa marehemu. Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kifua mbele, kofia ya njano, mkono mmoja kiunoni, na sauti ambayo ilifika kazini kabla yake. Jambo moja tu lilimkera kama mchanga ndani ya kiatu. Kila jengo walilopewa lilikuwa na mstari wa juu, ule ukanda wa rangi unaokutana na paa, na hakuna aliyeweza kuukata vizuri isipokuwa mwanamke wa miaka hamsini na saba. Wengine walibandika utepe wa karatasi, wakapaka, wakabandua, na rangi ikawa imepenya chini ya utepe na kuacha meno kama ya msumeno. Koleza hakujua utepe. Alibana pumzi, akasogea na brashi yake nyembamba, na nyuma yake ukabaki mstari ulionyooka kama uzi wa mwashi.

Huko juu ndiko alikokuwa mtu. Chini alikuwa mjane, mama wa binti mmoja mshonaji, mgonjwa wa presha. Akishapanda jukwaa la ujenzi, vyote hivyo vilibaki chini pamoja na viatu vyake.

Presha yenyewe ilikuwa na miaka mitatu. Kila asubuhi alimeza vidonge viwili, kimoja cheupe na kimoja cha njano, akiwa amesimama, harakaharaka, kama anayemfukuza mbwa mlangoni. Hakuvipenda, lakini hakuvikosa. Hata hivyo kila alipokwenda kupimwa kwenye kituo cha afya, namba zilikuwa juu. Daktari akahisi huenda kuna siku kimoja kinasahaulika, akaamua kumrahisishia: akamwandikia dawa mseto, yaani zile zile dawa mbili zilizofinyangwa kuwa kidonge kimoja.

Dirishani, mfamasia alimweleza vizuri. Kidonge hiki kinachukua nafasi ya vile viwili. Vya zamani usinywe tena, virudishe hapa. Koleza alisikia kila neno. Masikio yake yalikuwa mazima. Tatizo lilikuwa jicho.

Alipofika nyumbani alivipanga mezani, kimoja kipya na viwili vya zamani, akavikodolea macho kama anayekagua makopo. Hicho kipya kilikuwa na rangi ya waridi iliyopauka, na kilikuwa kidogo kuliko kile cha njano peke yake. Akakikwangua kwa ukucha. Ndani kilikuwa cheupe pe. Sasa mtu mwenye akili zake ajiulize: vitu viwili vinaingiaje ndani ya kimoja, halafu hicho kimoja kikawa kidogo kuliko kimojawapo cha hivyo viwili? Alikuwa amezijua rangi za "mbili kwa moja" maisha yake yote, zile zinazodaiwa kuziba nyufa na kung'arisha ukuta kwa mkupuo mmoja, na hakuna hata moja iliyofanya mojawapo ya kazi hizo sawasawa.

"Wametia maji," alisema.

Na alifanya alichokijua. Asubuhi iliyofuata akameza kidonge kipya, juu yake akaongeza cheupe na cha njano. Akakoleza.

Siku ya kwanza hakuona kitu. Ya pili kichwa kikawa chepesi, akasema ni njaa. Ya tatu alipoinuka kitandani chumba kilimzunguka kidogo, akasema ni joto. Mtu akiamua kujidanganya huwa hakosi shahidi. Ya tano alikuwa juu ya jukwaa, ghorofa ya tatu ya jengo la ofisi, amepiga magoti akimalizia kona ya mstari wa kijani. Jua lilikuwa kali, na tangu asubuhi hakuwa amekunywa hata nusu kikombe cha maji, maana choo kilikuwa chini na yeye hakupenda kushuka. Akamaliza kona. Akainuka ghafla, kama alivyozoea.

Ukuta ukaondoka mbele yake. Masikio yakajaa mvumo, macho yakaingia kiza, na mikono yake, ambayo ilikuwa na akili kuliko kichwa kwa wakati huo, ikakumbatia bomba la jukwaa. Ndoo haikuwa na wa kuikumbatia. Ilikwenda chini na kijani chake chote, ikapasuka kwenye ukuta uliokuwa umemalizwa jana yake, na iliyobaki ikaishia kwenye viatu vya shemeji.

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo Koleza alipojua kwamba uso wake ulikuwa mbaya.

Alishuka kwa miguu yake. Wawili walimnyoshea mikono, akaipita kama hajaiona. Shemeji alikuwa amesimama na kijani kikimchuruzika vidoleni, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. Alisema ameshamzika kaka, hana nia ya kumzika na mke wa kaka. Kisha, kwa kuwa mafundi walikuwa wanatazama, sauti ikarudi kwenye ukubwa wake. Kuanzia kesho Koleza atapaka mageti na milango. Kazi ya chini.

"Nimekosa kifungua kinywa tu," Koleza alisema.

"Ulete barua ya daktari kwamba unaweza kupanda. Bila barua, hupandi. Na jengo linakabidhiwa wiki mbili zijazo, kwa hiyo mstari watamaliza wengine."

"Watamalizaje? Kwa meno?"

"Kwa utepe, shemeji. Dunia nzima inatumia utepe."

Koleza alikwenda nyumbani anafuka. Alikuwa na mshitakiwa tayari, na mshitakiwa alikuwa kidonge. Miaka thelathini na mmoja hajawahi kuangusha ndoo. Siku tano za kidonge kipya, ndoo chini. Alimwambia binti yake kwamba anavitupa vyote, kipya na vya zamani, kisha atakwenda kumdai daktari barua. Binti hakuinua macho kwenye cherehani. Alikuwa amerithi ulimi wa mama yake na hakuwa akiuficha.

"Unakwenda kumwomba daktari barua huku umetupa dawa yake. Haya. Na ukimkuta amelala, utamwamsha kwa teke?"

Mama akanuna. Binti akasimama, akachukua mfuko wa vitambaa, akaanza kutia ndani kila alichokiona: pakiti mpya, vile vyeupe, vile vya njano, na kutoka mfuko wa aproni ya kazi, pakiti ya vidonge vyekundu.

"Hivyo acha. Hivyo si dawa, ni vya bega."

"Vinaingia mdomoni?"

"Vinaingia."

"Basi vinakwenda kwa daktari."

Asubuhi, kabla ya kumeza chochote, alikuwa kwenye benchi la kituo cha afya. Muuguzi alimfunga kitambaa cha kipimo mkononi, akaangalia, akakunja uso, akapima mkono wa pili. Tisini na mbili kwa hamsini na sita. Akamwambia asimame, akapima tena, namba ikashuka zaidi, na chumba kikamzunguka Koleza kidogo. Kwa miaka mitatu walikuwa wakimkaripia kwa kuwa juu. Leo walimkaripia kwa kuwa chini. Akaona kweli hawa watu hawana jema.

Mfamasia aliitwa, yule yule wa dirishani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtaratibu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Aliumwaga mfuko wote mezani, akavihesabu vidonge kimoja kimoja, akalinganisha na tarehe. Hesabu haikumchukua muda.

"Mama, vya zamani vimeendelea kupungua."

"Vimepungua kwa sababu nimevimeza."

"Pamoja na hiki?"

"Pamoja. Chenu mmekitia maji." Koleza aliinua kidevu. Alisema yeye si mjinga, aliambiwa na alisikia, ila kazi yake ni michanganyiko na hakuna mchanganyiko wa dukani uliowahi kumwambia ukweli. Kama wanataka kumpunguzia dawa wamwambie wazi, wasimfichie ndani ya kidude kidogo chenye rangi ya shavu la mwanasesere.

Muuguzi alifunika mdomo. Mfamasia hakucheka wala hakukasirika. Aliuliza tu, ndoo moja ya rangi ya maziwa, ile ya kuta za ndani, inahitaji unga wa njano kiasi gani.

"Kijiko. Ukizidisha kimoja na nusu, umeharibu."

"Na kilichobaki ndani ya ndoo ni nini?"

"Chokaa na maji na gundi." Koleza aliona anakopelekwa, na hakupenda kupelekwa.

Mfamasia alivaa miwani, akamwonyesha namba kwenye pakiti ya vile vyeupe, miligramu za dawa ndani ya kila kidonge. Tano. Akamwonyesha ya vile vya njano. Themanini. Kisha pakiti mpya, na pale kwenye kona yake, kwa maandishi madogo: tano, alama ya mkwaju, themanini. Dawa yenyewe, alisema, ni chembe isiyojaza hata ncha ya kucha. Mwili wote uliobaki wa kidonge ni unga wa kuishikilia, na kila kiwanda hufinyanga ukubwa wake. Kwa hiyo kwa siku tano mama hakukoleza kitu. Alikuwa amemwaga ndoo mbili nzima ndani ya moja.

Koleza alizisoma namba zile mara tatu. Namba hazikumwonea haya. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa akakaa kimya.

"Na kwa nini hukuniambia hivi siku ile? Uliniambia usinywe, usinywe. Mimi si mtoto wa kuambiwa usiguse. Ungenionyesha namba, ningeondoka na namba zangu."

Mfamasia alivua miwani. Alisema ni kweli. Siku ile foleni ilikuwa ndefu, alisema, na hakumwuliza mama anafanya kazi gani. Akaomba radhi, tena mbele ya muuguzi. Koleza alikuwa amejiandaa kwa vita na adui ameweka silaha chini. Akabaki na ngumi zake hajui aziweke wapi.

Ndipo mfamasia akashika ile pakiti nyekundu, akauliza hivi ni vya nini na tangu lini. Vya bega, viwili kila siku, mwaka wa tatu huu. Vinauzwa dukani, hakuandikiwa na mtu. Mfamasia akamwita daktari, na safari hii aliyekuna kichwa alikuwa daktari. Maumivu hayo yana dawa za aina nyingi, alieleza, na aina hii hupandisha presha, huipinga dawa ya presha, na zikikaa pamoja kwa muda mrefu figo ndizo zinazolipa. Miaka mitatu Koleza alikuwa akisukuma gari huku amevuta breki. Wakati wote huo wao walidhani anasahau dawa, na hakuna aliyemwuliza kingine anachomeza.

"Nilisema sijasahau hata siku moja," Koleza alisema polepole, akimtazama daktari machoni. "Nilisema hapa hapa."

"Ulisema," daktari alikubali.

Walimtoa damu kuangalia figo. Walimpa dawa nyingine ya bega, ya aina isiyogombana na presha, na mafuta ya kuchua. Siku hiyo asimeze kitu cha presha. Kesho, wakishampima, aanze kidonge kimoja, hicho cha mseto peke yake, saa ile ile kila asubuhi. Akisahau, asilipize kwa viwili. Akijisikia vibaya, asiache mwenyewe kimyakimya, aje. Anywe maji. Akiinuka, ainuke kwa hatua: kwanza akae, kisha asimame. Uso au midomo ikivimba, asisubiri kesho.

Na barua? Barua, daktari alisema, hapati. Si leo. Kwanza namba zitulie, na mpaka hapo asipande hata kiti.

Koleza alibishana kwa dakika kumi. Alitumia hoja, akatumia umri, akatumia kunyamaza, silaha yake ya mwisho. Daktari hakuyumba. Mwishowe Koleza akakubali shingo upande, kwa masharti yake mwenyewe: atakuja kila asubuhi kabla ya kazi, watampima, na kila namba wataiandika kwenye daftari lake, si lao. Hatamtegemea tena mtu amwambie alivyo. Atasoma mwenyewe.

Siku kumi alipaka mageti. Mtu angedhani angeyapaka kwa kinyongo, rangi ikichuruzika makusudi. Thubutu. Aliyapaka mpaka walinzi wakaogopa kuyagusa. Shemeji alipita, akasifu, akasema unaona, kazi ya chini nayo ina heshima yake. Koleza akamjibu kwamba heshima anaijua, ila hii haikuwa heshima, hii ilikuwa kuzikwa hai na kofia kichwani.

Huko juu wanaume wawili walihangaika na utepe. Walipoubandua upande wa kwanza, mstari ulikuwa na meno. Wakafuta, wakarudia, meno yakarudi. Shemeji alisema kutoka chini hayaonekani. Mwenye jengo alikuja, akasimama chini, akayaona.

Na daftari la Koleza lilijaa. Mia moja na nne. Mia moja na kumi na sita. Mia na ishirini na sita kwa themanini, kisha hiyo hiyo, kisha hiyo hiyo tena. Kwa kidonge kimoja. Asubuhi ya mwisho majibu ya figo yalikuwa mazuri na daktari aliandika barua: anaweza kupanda, mradi afungwe mkanda wa usalama, anywe maji, na ainuke polepole.

Alimpa shemeji barua mbele ya kikosi kizima, wakati wa chai. Shemeji aliisoma, akaigeuza nyuma kana kwamba kulikuwa na ukurasa wa pili. Akasema karatasi haijawahi kumdaka mtu. Akasema umri ni umri. Akasema yeye ndiye mwenye dhamana, na moyo wake haumpi.

Koleza aliweka kikombe chini.

"Shemeji, uliniambia nilete barua. Nimeleta. Sasa unaniambia moyo wako. Moyo wako umewahi kupimwa?"

Mtu mmoja alikohoa kwenye chai yake.

"Mimi hapa najulikana. Asubuhi hii mia na ishirini na sita kwa themanini, iko kwenye daftari, kila mwenye macho asome. Wewe unapanda jukwaa lile lile mara nne kwa siku, na hakuna anayejua ndani ya kifua hicho kuna nini. Kama mgonjwa anayejijua ashuke, mzima asiyejijua yuko juu kwa ruhusa ya nani?"

"Mimi sina presha."

"Nani kasema?"

"Najisikia."

"Hata mimi nilijisikia. Nilijisikia mzima mpaka ndoo ilipokuangukia miguuni."

Hapo wakacheka, na kicheko ndicho kilichomsukuma. Shemeji alikuwa na kifua mbele, na mtu wa kifua mbele hawezi kukataa mbele ya watu. Alivua kofia, akasema twende, na nikirudi na barua yangu sitaki kusikia tena habari za presha hapa.

Kituo cha afya hakikuwa mbali. Muuguzi alimfunga kitambaa. Mia moja na sabini na nane kwa mia na sita. Shemeji akasema mashine mbovu. Muuguzi akamwacha akae dakika kumi, miguu chini, mgongo umeegemea, mdomo umefungwa, na hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu. Mia na sabini na nne kwa mia na nne. Akaomba apimwe mkono mwingine. Mkono mwingine haukumtetea.

Koleza alikuwa amekuja akitaka kumwona akishuka. Alipomwona ameinamia vidole vyake, kofia mapajani, akifanana na kaka yake kuliko siku zote, hamu hiyo ikakatika. Alimwambia muuguzi ampangie kuja tena kesho na keshokutwa, maana kipimo cha siku moja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa. Kisha akamwambia shemeji kwamba kwa sasa yeye ni wa mageti.

"Nani atasimamia?"

"Wewe. Sauti yako inafika juu bila ngazi."

Mikanda ya usalama ilikuwa stoo, ndani ya nailoni zake, maana wanaume walisema wao si mbuzi wa kufungwa. Koleza akapasua nailoni ya kwanza, akajifunga, akakaza. Akanywa maji. Akapanda. Waliokuwa juu wakampisha. Alikwangua meno yote ya utepe kwa msasa, upande mzima, ndipo akafungua kopo.

Siku ya tatu alikuwa upande wa mwisho. Shemeji alikuwa ametoka kupimwa mara ya tatu, na safari hii alirudi na kijipakiti. Alisimama chini, akakigeuzageuza juani, akakileta karibu na jicho, akakisogeza mbali.

"Shemeji," aliita, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza. "Hiki unakionaje? Mbona kidogo hivi?"

Koleza alikuwa amebana pumzi, brashi ikiwa katikati ya ukuta. Hakugeuka. Alisogea, kijani kikafuata, kikanyooka, mpaka alipofika kwenye kona na kuinua mkono.

"Soma namba," alisema. "Usipozielewa, rudi ukamwulize aliyekupa. Na umtajie kila unachomeza, hata cha kikohozi. Mimi niko kazini."

Akaichovya brashi, akasogeza mkanda wake kwenye bomba linalofuata.